Kumbe hata chembe ya damu ina fito zake!

JE, msomaji, umewahi kusimama kidogo pale Lindi au Gatwekera, mtaani Kibera, ukatazama nyumba ikijengwa? Fundi huanza kwa kusimamisha nguzo. Kisha hupigilia fito za kulala, upande wa ndani na wa nje, zikapishana na nguzo mithili ya wavu. Ndipo vijana huingia na udongo uliokandwa kwa miguu, wakaushindilia katikati ya fito hizo. Juu huwekwa mabati. Mwisho, mwenye nyumba akijaliwa, ukuta hupakwa simiti nyembamba ili mvua ya Aprili isiubomoe.

Sasa jiulize: ni kitu gani kinachoifanya nyumba hiyo isimame? Si udongo. Udongo bila fito ni rundo tu, na mvua ya usiku mmoja ingelimaliza. Kinachoishikilia ni ule wavu wa fito ambao mpita njia hauoni tena ukuta ukishapakwa.

Mwili wako umejengwa vivyo hivyo. Una takriban seli trilioni 30, na kila moja ni kijumba chenye fito zake. Fito hizo zikiwa sawa, huna habari nazo. Zikiharibika, au kitu kigumu kikizisukuma kutoka ndani, hapo ndipo familia hukosa usingizi. Ziko nyumba nyingi Kibera na Kawangware ambazo usiku huu mtoto analia kwa maumivu ya mifupa, naye mama yake hajui kwamba kilio hicho chanzo chake ni umbo la chembe ndogo isiyoonekana kwa macho.

Hebu tufuatane polepole, kuanzia ngozi ya kiganja chako hadi ndani ya damu.

YAI LA KUKAANGA

Katika vitabu vya shule, seli huchorwa kama yai la kukaanga: duara kubwa, na katikati duara dogo liitwalo kiini. Mwanafunzi huishia kudhani kwamba seli ni kijifuko cha maji tu. La hasha! Ndani ya kijifuko hicho mna nguzo, fito, kamba na nanga, na vyote vimetengenezwa kwa protini.

Hapa usichanganye mambo. Protini ya maharagwe au ya omena uliyokula jana haiendi moja kwa moja ikawa fito. Tumbo huivunja vipande vidogo vidogo viitwavyo asidi amino. Kisha kila seli huvichukua vipande hivyo na kuviunganisha upya, kwa kufuata ramani iliyomo katika kiini chake. Ni kama fundi anayenunua mbao za nyumba iliyobomolewa: mbao ni zile zile, lakini nyumba ni nyingine.

Wataalamu hugawa fito za seli katika aina tatu kuu. Kwanza kuna aktini, nyuzi nyembamba ambazo seli huzitumia kujivuta na kubadili umbo. Pili kuna mikrotubuli, mirija migumu kama nguzo, ambayo pia ni njia ya kusafirishia mizigo ndani ya seli, kama ile reli ipitayo katikati ya Kibera. Tatu kuna nyuzi za kati, ambazo ni kamba za kustahimili mvuto. Kamba hizi ndizo huizuia seli isipasuke inapovutwa huku na huku.

SUGU YA MAMA WA KUFUA

Ukitaka kuziona kazi za kamba hizo bila darubini, nenda Kawangware asubuhi mapema. Utawaona kina mama wakishika njia kuelekea Lavington na Kileleshwa kutafuta nguo za kufua. Utawaona pia vijana wa mikokoteni wakisukuma magunia ya viazi kuelekea sokoni. Mwombe mmoja wao akuonyeshe kiganja chake. Utakuta sugu.

Sugu si uchafu wala ugonjwa. Ngozi ikisuguliwa kila siku, seli zake huzaana kwa wingi zaidi na kujijaza protini iitwayo keratini, ambayo ni mojawapo ya zile nyuzi za kati. Seli za juu hufa zikiwa zimejaa keratini, zikapangana safu juu ya safu kama vigae. Aidha, seli zilizo hai chini yake hufungana zenyewe kwa zenyewe kwa vifundo maalumu, hata mvuto wa seli moja ukagawanywa kwa jirani zake. Keratini hiyo hiyo ndiyo hutengeneza kucha na nywele zako.

Ili uone thamani ya kamba hizi, fikiria mtoto aliyezaliwa keratini yake ikiwa na kasoro. Wapo watoto wa namna hiyo duniani. Ukimwinua tu kwa makwapa, ngozi hutoka malengelenge kana kwamba imeungua. Mnamo 1991 watafiti waligundua kwamba asili ya aina moja ya ugonjwa huo ni hitilafu katika keratini. Seli za ngozi yake hazina kamba za kutosha, basi zinapasuka kwa mguso mdogo.

CHUMBA CHA NDANI

Nguvu inayoisukuma ngozi haikomei kwenye ngozi. Hupita katika fito na kamba hadi kwenye kiini, yaani kile chumba cha ndani ambamo seli huhifadhi DNA. Mali iliyomo humo si haba: ukiinyoosha DNA ya seli moja tu ya mwanadamu, utapata uzi wa urefu wa mita 2 hivi, nao umekunjwa katika kichumba kisichofika hata sehemu moja ya mia ya milimita.

Chumba chenye mali namna hiyo hakiwezi kuachwa bila ukuta imara. Kwa hiyo, upande wa ndani wa utando wa kiini kuna wavu wa protini ziitwazo lamini. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, wakiongozwa na Dennis Discher, walionyesha jambo la ajabu: kadiri sehemu ya mwili ilivyo ngumu, ndivyo viini vya seli zake vinavyokuwa na lamini nyingi ya aina A. Mfupa na misuli, ambavyo hubeba mzigo kila siku, vina lamini A kwa wingi. Ubongo, ambao ni laini na umetulia ndani ya fuvu, unayo kidogo tu. Mwili hauweki nguzo za chuma mahali ambapo ufito unatosha.

Lamini ikiwa na kasoro, mambo huharibika. Mwaka 1999 iligunduliwa kwamba hitilafu katika jeni ya lamini A husababisha ugonjwa mmoja wa kudhoofika misuli na kusumbuliwa na moyo. Mwaka 2003 ikagunduliwa kwamba kasoro nyingine katika jeni hiyo hiyo huleta projeria, ugonjwa adimu sana unaomfanya mtoto aonekane mzee kabla hajafika umri wa kubalehe. Viini vya seli za watoto hao, vikitazamwa kwa darubini, huonekana vimebonyea na kujikunja, kama debe lililokanyagwa.

Hata hivyo, ugumu si sifa njema kila mahali. Chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, hulazimika kujipenyeza katika nafasi finyu ili kumfikia adui. Zilizo nyingi zaidi kati yake zina lamini A kidogo mno, na kiini chake kimegawanyika vipande vilivyounganishwa kwa uzi mwembamba, ili kipite kipande kimoja baada ya kingine.

Na kuna seli iliyokwenda mbali zaidi ya hapo. Hiyo imekitupa kiini chake kabisa.

GODORO KICHOCHORONI

Seli hiyo ni chembe nyekundu ya damu. Huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa ikiwa na kiini kama nyingine. Kabla ya kuingia katika mishipa, hukisukuma nje na kukiacha. Nafasi inayopatikana hujazwa hemoglobini, protini ibebayo oksijeni. Mwili wako hutengeneza zaidi ya chembe milioni 2 za aina hii kila sekunde, na kila moja hufanya kazi kwa siku 120 hivi kabla ya kustaafishwa.

Sasa elewa shida yake. Ukiigawa milimita moja mara elfu moja, chembe hii ina upana wa sehemu 7 au 8. Lakini mishipa iliyo midogo kabisa ni myembamba kuliko hapo, na katika wengu kuna nyufa ambazo ni finyu mara kadhaa zaidi. Chembe hupita vipi?

Wewe uliyewahi kuhamia Kibera unajua jibu. Ukibeba godoro katika kichochoro kati ya nyumba mbili, hulipitishi limenyooka. Unalikunja, unajipenyeza, na ukifika upande wa pili linajikunjua lenyewe na kurudi kama lilivyokuwa. Chembe nyekundu ni godoro. Siri ya kujikunjua kwake iko katika wavu wa protini iitwayo spektrini, uliotandazwa chini ya ngozi ya chembe. Nyuzi za spektrini hukutana kwenye vifundo vya aktini, zikafanya vyumba vyenye pembe sita hivi, kama sega la nyuki. Wavu huo umefungwa kwenye ngozi ya chembe kwa protini nyingine iitwayo ankirini, jina linalotokana na neno la Kigiriki la nanga.

Jina la spektrini nalo lina kisa. Chembe nyekundu ikioshwa hemoglobini yote ikatoka, hubaki ngozi nyeupe tupu ambayo wanasayansi huiita mzuka. Mwaka 1968 Vincent Marchesi na Edward Steers, huko Marekani, waliitoa protini hii katika mizuka hiyo, wakaipa jina linalotokana na neno la mzuka kwa Kiingereza.

Wapo watu waliozaliwa na spektrini au ankirini yenye kasoro. Chembe zao huwa za mviringo kama gololi, hukwama katika wengu, zikaharibiwa mapema, na mtu akapungukiwa damu. Lakini katika Afrika Mashariki, adui mkubwa wa godoro letu hatoki katika wavu. Anatoka ndani ya godoro lenyewe.

MUNDU NDANI YA DAMU

Hemoglobini ya kawaida huogelea ndani ya chembe kila moja peke yake, kama watu sokoni Toi: wengi, wamesongamana, lakini hawajashikana. Katika ugonjwa wa selimundu, ambao mitaani wengi huuita sikoseli, asidi amino moja tu kati ya 146 za mnyororo mmoja wa hemoglobini imebadilishwa. Moja tu! Lakini inatosha. Hemoglobini hiyo ikiisha kuitoa oksijeni yake, hushikana moja kwa moja, ikajipanga kuwa kamba ndefu ngumu. Kamba hizo huisukuma ngozi ya chembe kutoka ndani, chembe ikarefuka na kupinda kama mundu wa kukatia nyasi.

Sasa si godoro tena. Ni mlango wa mbao. Jaribu kuupitisha mlango wa mbao katika kichochoro chenye kona. Unakwama, wa nyuma yako anakwama, na wanaoishi ndani kabisa hawapati maji wala chakula. Ndivyo inavyokuwa mwilini: sehemu ya mfupa iliyo mbele ya kizuizi hukosa oksijeni, na maumivu yake ni makali kupita kiasi.

Chembe ikirudi mapafuni na kupata oksijeni, kamba huachana na umbo hurudi. Lakini kila safari huuchosha ule wavu wa spektrini na aktini. Hufika wakati wavu wenyewe unaganda katika umbo la mundu, hata oksijeni ikiwepo. Chembe hizo hudumu siku 10 hadi 20 tu badala ya 120. Ndiyo sababu mtoto mwenye selimundu hupungukiwa damu kila mara, na macho yake huwa ya manjano.

Ugonjwa huu ulielezwa kwanza katika maandishi ya kitabibu mwaka 1910 na Dkt James Herrick wa Chicago, aliyeziona chembe hizo katika damu ya mwanafunzi kutoka kisiwa cha Grenada. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walithibitisha kwamba chanzo chake ni hemoglobini.

Mwaka huo huo wa 1949, kijana mmoja aliyelelewa Gilgil, Anthony Allison, alianza kukusanya damu ya watu wa sehemu mbalimbali za Kenya. Aligundua kwamba karibu na Ziwa Victoria na huko Pwani watu wengi wana jeni ya selimundu, na katika baadhi ya jamii walizidi asilimia 20. Lakini katika nyanda za juu zenye baridi walikuwa wachache mno. Ni kitu gani kilichokuwako ziwani na Pwani, kisichokuwako milimani? Malaria.

Katika jaribio alilochapisha mwaka 1954, wanaume 30 wa Kiluo waliokubali walitiwa vimelea vya malaria. Kati ya 15 wasio na jeni ya selimundu, 14 walipata vimelea katika damu. Kati ya 15 waliokuwa nayo kutoka kwa mzazi mmoja, ni wawili tu. Leo jaribio kama hilo lisingefanywa bila kamati za maadili na ridhaa ya maandishi. Lakini jibu lake halijapinduliwa: jeni moja ya selimundu ni ngao dhidi ya malaria. Jeni mbili ni ugonjwa.

SI UCHAWI, WALA SI KOSA LA MAMA

Sasa tusimame hapa, kwa maana hapa ndipo familia huvunjika.

Wakazi wengi wa Kibera na Kawangware asili yao ni Nyanza na Magharibi. Walikuja Nairobi kutafuta kazi, na jeni zao walikuja nazo. Kijana hukutana na msichana, hupendana, huoana. Wote wawili ni wazima kabisa, hawajawahi kuugua. Mtoto huzaliwa akiwa na afya njema. Kisha, baada ya miezi sita hivi, vidole vya mikono na miguu huvimba, mtoto hulia usiku kucha, homa haiishi. Majirani huanza kunong'ona. Mama mkwe hupiga simu kutoka nyumbani, "Mwanangu, huyo mke wako kwao kuna nini?" Wengine hupelekwa kwa waganga, fedha za kodi ya nyumba zikaishia huko. Na baba wako ambao hufunga virago.

Msomaji, sikiliza hesabu yenyewe. Kila mtu hurithi jeni mbili za hemoglobini, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye mbili za kawaida huandikwa AA. Mwenye moja ya selimundu huandikwa AS, naye si mgonjwa. Mwenye mbili za selimundu huandikwa SS, na huyo ndiye mgonjwa. Wazazi wawili wa AS wakipata mimba, kuna nafasi moja kati ya nne kwamba mtoto atakuwa SS. Na hesabu hiyo huanza upya kwa kila mimba. Mtoto wa kwanza kuwa SS hakumkingi wa pili.

Maana yake ni nini? Ni kwamba mtoto wa SS hawezi kupatikana kwa mama peke yake. Baba ametoa nusu. Anayemlaumu mkewe anajilaumu mwenyewe pasipo kujua. Na kwa nini mtoto hakuugua tangu siku ya kwanza? Kwa sababu mtoto huzaliwa na hemoglobini ya tumboni, isiyoshikana katika zile kamba. Hiyo hupungua taratibu, na kufikia mwezi wa sita ile ya utu uzima imekwisha kuchukua nafasi yake. Si jicho la mtu, bali ni saa ya mwili.

MALARIA NA CHEMBE ILIYOKAZWA

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya usiku huchelewesha ukuaji wa vimelea ndani ya mbu, hivyo malaria ya kuambukizwa mjini ni kidogo. Lakini mkazi wa Kibera haishi Kibera mwaka mzima. Desemba huenda nyumbani. Kukiwa na msiba, huenda nyumbani. Na akirudi, huenda akarudi na malaria.

Kimelea cha malaria nacho ni mvunja nyumba. Huigusa chembe nyekundu, huikunja ngozi yake, na kwa muda usiofika dakika moja kiko ndani. Kikiingia, huanza kubadili fito za mwenye nyumba. Hupeleka protini zake hadi kwenye wavu wa spektrini, zikaukaza na kufanya vinundu juu ya ngozi. Chembe iliyokuwa laini sasa ni ngumu na inanata, nayo hujibandika kwenye kuta za mishipa midogo, hata ya ubongo. Mwaka 2011 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walionyesha kwamba kimelea hiki hata huiteka aktini ya chembe na kuitumia kama njia ya kupeleka gundi yake nje. Hemoglobini ya selimundu huivuruga njia hiyo, na huenda hiyo ni sehemu ya ile ngao aliyoigundua Allison.

Kisa kingine ni cha hapa hapa Kenya. Kuna aina ya damu iitwayo Dantu, inayotokana na kubadilika kwa protini za juu ya ngozi ya chembe nyekundu. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba aina hii hupunguza hatari ya malaria kali kwa asilimia 40. Lakini kwa njia gani? Mwaka 2020 Silvia Kariuki wa kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust huko Kilifi, pamoja na wenzake wa Cambridge, Uingereza, walitoa jibu. Walichukua damu ya watoto 42 wenye afya kutoka Kilifi, wakatazama kwa darubini vimelea vikijaribu kuingia. Waligundua kwamba ngozi ya chembe za Dantu imekazwa zaidi, kama ngoma iliyowambwa. Kimelea husukuma, lakini ngozi haikunjiki, nacho hushindwa.

Hiyo ndiyo mizani. Chembe ikilegea kidogo, adui anaingia. Ikiwa ngumu kupita kiasi, haipiti kichochoroni. Dantu imekaza kidogo tu, pasipo kumdhuru mwenyewe.

Lakini tahadhari, mzazi! Usije ukafikiri kwamba mtoto wa SS amekingwa na malaria kwa kuwa ana jeni mbili. Kwake malaria ni hatari kubwa, kwani damu yake ni chache tangu mwanzo. Ngao ni ya AS.

WEWE UFANYE NINI?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi, tuzibe ufa.

Kwanza, kapimwe. Ikiwa mnapanga kuoana, mwende wawili. Ulizia kipimo kinachoonyesha aina ya hemoglobini, yaani AA, AS au SS. Kile kipimo cha haraka kinachoonyesha tu kama selimundu ipo au haipo hakitofautishi AS na SS. Kujua hali zenu si lazima kuvunje uchumba, lakini kutawafanya mjue la kutazamia.

Pili, mtoto wa SS akipata homa, usimpe dawa ya kioski ukangoja asubuhi. Wengu wake huharibika mapema, na bila wengu vijidudu vya kawaida vinaweza kumuua kwa siku moja. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Hakikisha amepata chanjo zake zote, na muulize daktari kuhusu penisilini ya kukinga, ambayo hutolewa kila siku hadi angalau umri wa miaka mitano, na vidonge vya foliki asidi.

Tatu, maji. Chembe ikikaukiwa maji, hemoglobini husongamana na kushikana upesi. Najua mtungi wa maji Kibera haupatikani bure, lakini kwa mtoto huyu maji ni dawa. Nawe mwalimu, mruhusu anywe darasani na atoke kwenda haja bila kumgombeza. Mwezi wa Julai mvishe sweta, kwa sababu baridi huamsha maumivu.

Nne, kabla ya kusafiri kwenda nyumbani, chukua dawa ya kumkinga na malaria pamoja na neti.

Tano, usimpe dawa za madini ya chuma kwa ushauri wa jirani eti aongeze damu. Damu yake haipungui kwa kukosa chuma bali kwa kuvunjika kwa chembe, na chuma kikizidi hudhuru ini na moyo.

Sita, muulize daktari kuhusu haidroksiurea. Dawa hii huirudisha ile hemoglobini ya tumboni, isiyoshikana. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, zaidi ya watoto 600 wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda waliitumia. Maumivu yalipungua, malaria ikapungua, haja ya kuongezewa damu ikapungua, na vifo pia. Hutumiwa chini ya uangalizi, kwa kupimwa damu mara kwa mara.

FUNDI WA KESHO

Nawe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, labda kwa mwanga wa taa karibu na mlango, usidhani mambo haya ni ya Cambridge na Pennsylvania pekee. Makao makuu ya KEMRI yako Mbagathi, mahali unapoweza kufika kwa miguu kutoka Kibera. Huko na Kilifi, Wakenya wanazipima chembe hizi kila siku. Bado kuna maswali mengi: kwa nini watoto wawili wa SS wa tumbo moja, mmoja huumwa kila mwezi na mwingine mara moja kwa mwaka? Jibu hilo linamngoja mtu.

Jioni ya leo, ukipita mahali wanapojenga, tazama fito kabla udongo haujazifunika. Na ukimsikia jirani akisema mtoto wa fulani amerogwa, mwambie taratibu, "Mama, hapana. Ni chembe zake za damu zimekuwa ngumu kama mlango, hazipiti. Twende hospitali, nitakusindikiza."

Huenda maneno hayo yakamwokoa mtoto mmoja, na ndoa moja.